Askofu Bartolomé de las Casas: Mtetezi wa Wanyonge Aliyekosea Juu ya Waafrika

Wakati wa Kwaresima niliongoza semina ya Mafundisho Jamii ya Kanisa kwa walei wa parokia yetu. Tulizungumzia mambo yanayojadiliwa siku hizi bungeni, mahakamani na katika vyombo vya habari: uhai wa mtoto aliye tumboni, wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wakimbizi, akili mnemba, na kobalti inayochimbwa Kongo ili simu zetu zipate betri. Mwishoni mama mmoja, muuguzi kwa taaluma, aliuliza swali lililonyamazisha ukumbi. Alitaka kujua kama mtu anayesali, tena anayewatetea wanyonge kwa moyo wake wote, anaweza wakati huohuo kushiriki dhuluma kubwa asiyoiona. Sikumjibu kwa nadharia. Nilianza kumsimulia maisha ya mtu mmoja, muda ukatuishia, nikamwahidi kuyaandika.

Bartolomé de las Casas alizaliwa Sevilla, kusini mwa Hispania, mwaka 1484. Baba yake, Pedro, alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1493 Christopher Columbus alipita Sevilla akitoka katika safari yake ya kwanza ng'ambo ya bahari, na Bartolomé, akiwa bado mtoto, aliwaona kwa macho yake wenyeji wachache walioletwa kutoka visiwa vile. Mwaka huohuo baba yake alipanda merikebu katika safari ya pili, na aliporudi alimletea mwanawe kijana mmoja wa visiwani awe mtumishi wake. Baadaye Malkia Isabella aliamuru wenyeji wa namna hiyo warudishwe kwao, na kijana yule akaondoka. Hivyo Bartolomé alijua maana ya kummiliki mwanadamu kabla hajafikisha miaka ishirini, na hakuna dalili kwamba jambo hilo lilimsumbua. Katika mitaa ya mji wake kulikuwa pia na watumwa weusi waliotoka Afrika. Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo, maana tutairudia.

Mwaka 1502 alisafiri na baba yake hadi Hispaniola, kisiwa ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika. Alipata ardhi, akapata na watu wa kuilima. Mfumo uliotumika uliitwa enkomienda: Mfalme alimkabidhi Mhispania kundi la wenyeji, wao wamfanyie kazi, naye awalinde na kuwafundisha imani. Katika maandishi ulisomeka kama malezi. Kwa vitendo watu walitolewa vijijini mwao, wakapelekwa kwenye machimbo ya dhahabu, wakafa huko kwa kazi, njaa na magonjwa, mashamba yao yakabaki pori. Nimeona mara nyingi kwamba sheria mbaya huandikwa kwa lugha nzuri, na ninawashauri wanasheria wetu Wakatoliki kuisoma miswada wakiwa na jicho hilo.

Las Casas alipewa daraja la upadre, akaadhimisha Misa yake ya kwanza kisiwani humo mwaka 1510. Alikuwa padre, na alikuwa na watu wake wa enkomienda. Hakuona mgongano wowote.

Mwaka huohuo waliwasili watawa wachache wa Shirika la Wahubiri, yaani Wadominikani, wakiongozwa na Pedro de Córdoba. Waliishi kimaskini, wakatazama, wakasikiliza. Dominika ya nne ya Majilio ya mwaka 1511 walimtuma mwenzao Antonio de Montesinos apande mimbarini, na mahubiri yake walikuwa wameyatayarisha pamoja na kuyatia saini wote. Mbele ya gavana na wakubwa wa mji aliwatangazia kwamba wako katika dhambi ya mauti kwa ukatili wanaowatendea wenyeji, akawauliza kama watu hao si wanadamu wenye roho na akili. Baada ya Misa wakubwa walikwenda konventini kudai kauli ifutwe. Dominika iliyofuata akasema yaleyale, kwa ukali zaidi, akaongeza kwamba wasitegemee kupata maondoleo ya dhambi kwa watawa hao.

Las Casas aliguswa? Hapana. Hata padre mmoja Mdominikani alipomnyima maondoleo kwa sababu ya watu aliowashikilia, alibishana naye na kwenda zake. Ninalisisitiza hili kwa sababu sisi wahubiri hudhani kwamba neno likisemwa kwa nguvu limefanya kazi yake. Kwake lilikaa kama mbegu iliyofukiwa.

Mwaka 1513 alikuwa Kuba, kasisi wa kikosi cha askari. Siku moja asubuhi askari walikuta mto mkavu wenye mawe ya kunolea, wakanoa panga zao. Jioni walifika kijiji cha Caonao. Wenyeji walikuwa wameandaa chakula na kuketi uwanjani wakishangaa farasi, wanyama ambao hawakuwazoea. Askari mmoja akachomoa upanga, na wengine wakamfuata. Waliuawa wanaume, wanawake na watoto, bila vita na bila sababu. Las Casas alikimbia huku na huku akijaribu kuwaokoa baadhi yao na kuwahudumia waliokuwa wakifa. Kisha, na hili ndilo la kustaajabisha, alikubali zawadi ya ardhi na watu katika kisiwa hichohicho, akaanza kilimo pamoja na rafiki yake Pedro de Rentería.

Mwaka 1514, akijiandaa kuhubiri katika sherehe ya Pentekoste, alifungua Kitabu cha Yoshua bin Sira na kufika sura ya 34, pale mwandishi anapofundisha kwamba sadaka iliyotokana na dhuluma haimpendezi Mungu, na kwamba kumnyang'anya maskini chakula chake ni kumwaga damu. Alikaa siku kadhaa na maneno hayo. Kile ambacho Montesinos hakukiweza kwa sauti, wala mauaji ya Caonao kwa kutisha kwake, kikatendeka katika ukimya wa padre anayetayarisha mahubiri. Alimwendea gavana Diego Velázquez, akamwambia anawaachia watu wake wote. Rentería alikuwa safarini Jamaika, na aliporudi ikajulikana kwamba yeye naye, katika sala zake za Kwaresima, alikuwa amefikia wazo la kuwatetea wenyeji na kuwafungulia watoto wao shule. Tarehe 15 Agosti, sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Las Casas alitangaza uamuzi wake hadharani na kuwataka waamini wenzake wafanye vivyo hivyo. Walimsikiliza kwa mshangao. Hakuna aliyemfuata.

Tangu hapo alikuwa mtu wa safari, nyaraka na mabaraza. Mwaka 1515 alikwenda Hispania pamoja na Montesinos kumwona Mfalme Ferdinand, ambaye alifariki muda mfupi baadaye. Kardinali Cisneros, aliyekaimu utawala, alimpa mwaka 1516 cheo cha Mlinzi wa Wenyeji. Ndipo alipoandika mapendekezo marefu ya namna ya kuwaokoa watu wa visiwani waliokuwa wakiteketea. Alitaka enkomienda ifutwe, vijiji vijengwe, hospitali ziwepo, wakulima waletwe kutoka Hispania. Na kati ya mapendekezo hayo aliweka moja jingine: ili wenyeji wapumzishwe machimboni na mashambani, waletwe watumwa kutoka ng'ambo, weupe na weusi.

Haki inatutaka tuseme sawasawa alichokifanya na ambacho hakukifanya. Hakuanzisha biashara ya watumwa. Waafrika walikuwa wamekwisha kupelekwa Hispaniola miaka mingi kabla ya pendekezo lake, na Wareno walikuwa wakiwauza Ulaya tangu kabla hajazaliwa. Lakini alipaza sauti yake, sauti iliyosikilizwa kortini, na sauti hiyo ikaongeza uzito upande mbaya wa mizani. Kijana Mfalme Carlos aliposhika utawala, Las Casas aliulizwa wahitajiwe Waafrika wangapi. Akajibu hajui. Maofisa wa Sevilla wakakadiria 4,000 kwa visiwa vinne. Mwaka 1518 kibali cha kuwapeleka watu hao 4,000 alipewa bwana mmoja wa korti, Gorrevod, naye akakiuza kwa wafanyabiashara wa Genoa kwa dukati 25,000. Kibali tu ndicho kilichouzwa. Wanadamu wenyewe walikuwa bado kwao, wakilima, wakivua, wakilea watoto, hawajui kwamba katika ofisi ya mbali wamekwisha kuhesabiwa.

Kwa nini mtu aliyesoma Yoshua bin Sira na kutetemeka hakuona hilo? Yeye mwenyewe baadaye alieleza. Ilidhaniwa na watu wengi, hata wenye elimu, kwamba Waafrika waliouzwa na Wareno walikuwa mateka wa vita vya haki, na kwa sheria ya wakati ule mateka wa namna hiyo aliweza kufanywa mtumwa. Hakuchunguza. Alikuwa amewaona watumwa weusi tangu utotoni, na jambo lililozoeleka halitafuti ushahidi. Aliwaona wenyeji wa Kuba wakifa mikononi mwake. Waafrika hakuwa amewaona wakikamatwa. Nadhani hapa ndipo swali la yule mama muuguzi linapopata sehemu ya jibu lake. Huruma ya Las Casas ilifika mpaka macho yake yalipofika, na ng'ambo ya mpaka huo alitumia dhana za kukopa. Hakulisema mara moja tu na kuliacha. Alilirudia katika maandishi yake ya miaka ya 1530, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1540.

Mpango wake wa kuanzisha makazi ya amani huko Cumaná, katika nchi ya Venezuela ya leo, ulianguka vibaya na watu wakafa. Akiwa amevunjika moyo alijiunga na Wadominikani, shirika lilelile lililomnyima maondoleo, akakaa miaka kadhaa katika ukimya wa masomo. Mwaka 1527 alianza kuandika Historia ya Indias. Miaka kumi baadaye Papa Paulo III alitoa hati iitwayo Sublimis Deus, akifundisha kwamba wenyeji wa nchi hizo, na mataifa yote yatakayogunduliwa baadaye, ni wanadamu kamili wasiopaswa kunyimwa uhuru wala mali zao. Wakati huo Las Casas alikuwa Guatemala, katika eneo lililoitwa Nchi ya Vita kwa sababu askari walishindwa kuliteka. Aliomba askari wasikanyage huko. Watawa walitunga nyimbo za imani kwa lugha ya wenyeji, wakawafundisha wachuuzi wa kienyeji, nao wakaziimba walipokwenda kuuza bidhaa zao. Milango ikafunguka. Baadaye eneo hilo likabadilishwa jina, likaitwa Verapaz, yaani Amani ya Kweli.

Mwaka 1542, kwa sehemu kubwa kutokana na ushawishi wake, Mfalme alitoa Sheria Mpya zilizokataza kuwafanya wenyeji watumwa na kuzuia enkomienda zisirithiwe. Mwaka 1544 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Chiapa, kusini mwa Meksiko. Alifika jimboni kwake mwaka uliofuata, wakati wa Kwaresima, na jambo la kwanza alilolishika lilikuwa kiti cha maungamo. Aliwaondolea mapadre wengi mamlaka ya kuungamisha, na kesi za waliowashikilia wenyeji akazihifadhi kwake mwenyewe. Mji ulichafuka. Padre mmoja mwenye cheo alikaidi na kuendelea kuwaondolea dhambi wakubwa. Askofu alipoagiza akamatwe, watu wenye silaha walivamia nyumba ya Askofu na kumtishia maisha.

Baadaye aliandika kanuni 12 kwa waungamishi. Kanuni ya kwanza ingeweza kuwatoa jasho wengi hata leo. Tajiri wa enkomienda anapokuwa mgonjwa wa kufa na kumwita padre, padre asianze kumsikiliza. Kwanza aitwe mthibitishaji wa hati, na mgonjwa aandike mbele yake kwamba anampa padre mamlaka ya kurudisha mali yote iliyotokana na jasho la wenyeji, hata kama watoto wake hawatabakiwa na kitu. Baada ya hapo ndipo maungamo. Serikali iliamuru nakala za kanuni hizo zikusanywe. Sisi mapadre wa leo tunafundisha vilevile kwamba mwizi hana budi kurudisha alichoiba, ila sijui ni mara ngapi tumemwambia hivyo mtu aliyekula fedha za umma, aliyekaa kiti cha mbele na kuchangia ujenzi wa kanisa. Naandika hili nikijihesabu mimi mwenyewe.

Sheria Mpya hazikudumu. Huko Peru walowezi waliasi na kumwua mwakilishi wa Mfalme mwaka 1546, na kifungu cha urithi kilikuwa kimekwisha kufutwa mwaka mmoja kabla. Las Casas alirudi Hispania mwaka 1547, hakuliona tena jimbo lake, na mwaka 1550 akajiuzulu uaskofu. Mwaka huohuo Mfalme alifanya jambo ambalo watawala wachache wamewahi kulifanya: alisimamisha vita vya utekaji hadi wataalamu wamwambie kama ni halali.

Mjadala ulifanyika Valladolid, katika Chuo cha San Gregorio, mbele ya jopo la majaji 14, wanateolojia na wanasheria. Upande mmoja alisimama Juan Ginés de Sepúlveda, msomi hodari wa Kilatini na mfasiri wa Aristotle, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi zile. Alidai kwamba wenyeji ni duni kwa maumbile, na kwa hiyo wanafaa kutawaliwa na walio bora. Kwamba dhambi zao zinastahili adhabu. Kwamba vita vitairahisishia Injili njia. Na kwamba ni wajibu kuwaokoa wasio na hatia wanaotolewa kafara. Hoja hiyo ya mwisho ina sura ya huruma, na vita vingi vya zama zetu vimevaa vazi lilelile. Las Casas alisoma utetezi wake kwa siku tano mfululizo. Alionesha kwamba watu hao wana miji, sheria, sanaa na viongozi; kwamba imani ikipelekwa kwa upanga inachukiwa; kwamba vita vya kuwaokoa wachache huwaua wengi zaidi.

Lakini chini ya hoja zote kulikuwa na swali moja: utu hupimwa kwa nini? Sepúlveda aliupima kwa uwezo, yaani kiwango cha akili, ustaarabu na manufaa. Kipimo hicho hakijafa. Nakikuta katika madai kwamba mtoto aliye tumboni si mtu mpaka afikie hatua fulani, au kwamba mgonjwa asiyejitambua anakula gharama bure. Nakikuta pia katika ndoto ya kuziachia mashine ziamue nani apewe mkopo, kazi au kitanda cha hospitali kwa kujumlisha alama zake. Kinachonisumbua zaidi kuhusu Valladolid ni viti. Palikuwa na majaji, msomi na askofu. Hapakuwa na mwenyeji hata mmoja wa nchi zilizojadiliwa. Na kuhusu Waafrika waliokuwa wakishushwa bandarini miaka hiyohiyo, halikuitishwa jopo. Majaji wenyewe waliondoka bila kutoa hukumu ya pamoja, na pande zote mbili zikajiona zimeshinda.

Hata hivyo, kitu kilikuwa kimeanza kumbadilisha Las Casas. Mwaka 1547, akirudi kutoka ng'ambo, alipitia Lisbon, na katika miaka iliyofuata alisoma maandishi ya Wareno wenyewe kuhusu safari zao katika pwani ya Afrika. Wareno hao ndio waliokwisha kuupora mji wetu wa Kilwa mwaka 1505. Alikuta humo habari za mateka walioshushwa bandari ya Lagos mwaka 1444, mama akitengwa na mtoto, mume na mke. Hakukuta vita vya haki. Alikuta uvamizi wa usiku dhidi ya watu ambao hawakuwa wamewakosea Wareno kitu. Kile alichokiona Caonao kwa macho, sasa alikiona kwa kusoma.

Akiwa mzee, katika kurasa za Historia yake, aliandika ungamo lisilo na kinga. Alikiri kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma sawasawa na ule wa wenyeji wa Indias, kwamba ushauri wake haukuwa wa busara, na kwamba alijuta. Alieleza jinsi Waafrika walivyoteketea katika viwanda vya sukari, wakati kabla ya hapo watu walidhani hawafi kwa urahisi. Kisha akaongeza jambo linaloniogopesha kila nilifikiripo: hakuwa na uhakika kama kutojua kwake na nia yake njema vingetosha kumpa udhuru mbele ya hukumu ya Mungu. Mtu aliyewanyima wengine maondoleo kwa miaka mingi hakujipa mwenyewe. Wapo wanahistoria wanaosema alichelewa mno. Sina la kuwapinga. Ila kati ya wasomi wa Ulaya wa karne ile, ni wachache sana wanaojulikana kuwa waliandika hivyo juu ya watu wetu.

Alifariki tarehe 18 Julai 1566 katika konventi ya Mama Yetu wa Atocha, Madrid, akiwa na umri wa miaka ipatayo 82. Kanisa halijamtangaza mtakatifu.

Miaka saba kabla ya kifo chake alikuwa amekikabidhi Chuo cha San Gregorio muswada wa Historia, akiagiza usichapishwe kwa miaka 40. Miaka 40 ikapita, ikapita mingine mia mbili na zaidi. Muda wote huo maadui zake walilitumia lile pendekezo la kuleta Waafrika kumshutumu kwa unafiki, na ungamo lake likabaki katika maandishi ya mkono yaliyosomwa na wachache. Kitabu kilianza kuchapishwa Madrid mwaka 1875. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka miwili tu nyuma. Huko Kuba, kisiwa alikowaachia huru watu wake kwa sababu ya aya chache za Yoshua bin Sira, Waafrika walikuwa bado watumwa kisheria katika mashamba ya miwa, na walibaki hivyo hadi mwaka 1886.